Tuzo ya Kuchemshia Chai

8 Januari

Kwako Chiriku,

Mwaka umeanza na mimi bado nipo, kwa hiyo anza kwa kushukuru. Baba yako mzima, isipokuwa goti lake, ambalo linauma pale tu anapoombwa kubeba kitu. Bibi yako anakula vizuri na anagombana na kila mtu, yaani afya tele. Mdogo wako amepata kazi kwenye duka la vioo na wiki ya kwanza amevunja kimoja tu, tumempongeza. Saluni inakwenda. Nimenunua draya ya pili, lakini inavuma mno, aliyekaa chini yake hajisikii akiongea. Anapiga kelele, na siri za mtaa mzima sasa zinafika hadi duka la dawa la jirani.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe. Wiki ijayo wanatangaza majina ya tuzo za filamu, na mwaka huu sina mchezo. Unakumbuka makubaliano yangu na Mfamasia: anayekosea zaidi kwenye utabiri anamwita mwenzake Mheshimiwa mwaka mzima, mbele za watu. Miaka miwili mfululizo mimi ndiye ninayeita. Nikienda kununua dawa ya kichwa nasema, "Shikamoo Mheshimiwa," na yeye anajibu taratibu, anatafuta miwani, anataka wateja wote wasikie. Kichwa chenyewe kinauma kwa sababu yake!

Sasa nisaidie. Wewe uko huko huko zinakotengenezwa. Kuna minong'ono gani? Na usinipigie simu. Simu yako inakuja nikiwa nimeshika kichwa cha mtu, naitikia ndiyo ndiyo, halafu sikumbuki nimekubali nini. Andika, nisome nikiwa nimekaa.

Shangazi yako.


27 Januari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako niliisoma kazini na nikacheka hadi fundi sauti akavua vile vidubwasha vyake vya masikioni, kitu asichofanya hata akila. Mimi mzima. Chumba chetu cha kazi bado hakina dirisha, tukitoka jioni tunaulizana kama mvua ilinyesha. Mwambie mdogo wangu ahesabu vioo vilivyobaki, ndiyo njia ya kujipa moyo. Bibi mpe busu, akikataa mpe kwa nguvu.

Minong'ono sina. Nimefungiwa ndani na filamu mpya na sisikii lolote. Majina yametoka, nadhani umeyaona. Ukimaliza utabiri wako nitumie wote, Shangazi, tuzo zote, usiruke hata moja, hata zile za chini kabisa ya ukurasa. Kwa mfano kwenye uhariri wa filamu, nina hamu ya kujua umemweka nani.

Nauliza tu.

Chiriku wako.


9 Februari

Kwako Chiriku,

Huku wote salama. Goti la baba yako limepona ghafla, kuna harusi. Bibi yako busu amelipokea, kisha akauliza mbona halikuja na kitu.

Sasa shika kiti. Nimekata ule ukurasa wa gazeti wenye picha za walioteuliwa nikaubandika kwenye kioo kikubwa, na wiki tatu sasa hakuna kichwa kinachosukwa humu bila mjadala. Utabiri wangu huu hapa.

Mwigizaji bora wa kiume: yule mrefu wa ile filamu ya mchimba visima. Amekosa mara tatu, na safari ya mwisho walimwonyesha akipiga makofi huku macho yamemtoka. Majaji nao ni binadamu. Mwigizaji bora wa kike: si yule anayelia tangu mwanzo, hapana. Majaji wanampenda anayejizuia mpaka karibu na mwisho, halafu analia kidogo, tena kwa jicho moja. Huyo ni yule aliyecheza dada mkubwa kwenye filamu ya ndugu wa duka la mikate. Mwongozaji: mzee wa mchimba visima, maana anasema anastaafu. Anastaafu kila akiteuliwa, lakini safari hii anatembea na fimbo. Mavazi ni rahisi: tazama filamu yenye sketi nyingi. Filamu bora: mchimba visima tena. Mfamasia naye kaweka hiyo hiyo, akasema nimemwigiza. Mtu mzima, daktari nusu, anasema nimemwigiza!

Sauti, uhariri, na vile vingine, unajua mwenyewe, hapo ndipo tunapochemsha chai. Tangu nilipokuwa nakulea hapa, umekaa kwenye zulia mbele ya runinga, miguu umenyoosha, wakifika pale nani aliwasha jiko? Wewe. Kwa hiyo hapo nimepiga mstari, sikuweka jina. Mfamasia yeye anajaza zote, lakini miaka yote zile hazijampa kitu, anabahatisha tu.

Niambie unaonaje. Nijibu mapema.

Shangazi yako.


2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi ni nyingi. Nimefurahi wote ni wazima.

Utabiri wako ni mzuri. Wa mwigizaji wa kike nakubaliana nao.

Wasalimie nyumbani.

Mimi.


7 Machi

Chiriku!

Sisalimii mtu leo. Wote wazima, haya.

Barua yako ilinifikia jana asubuhi. Nikaigeuza nyuma kutafuta iliyobaki. Mistari minne! Wewe, ambaye ukiwa darasa la pili mwalimu aliniita kuniomba nikufundishe kunyamaza! Nikasema huyu mtoto ama anaumwa ama ana mchumba. Nikaenda kwa Mfamasia kumuuliza kama kuna ugonjwa wa kufupisha maneno, na yule bwana akaniangalia juu ya miwani akasema, "Kwani hujampongeza?"

Nimpongeze kwa lipi?

Akafungua droo akatoa gazeti lake, ile nusu ambayo kwenye langu niliitupa, nusu isiyo na picha. Yeye anasoma maandishi madogo, ndiyo kazi yake, ameshazoea chupa za dawa. Akaweka kidole. Uhariri wa filamu, ndugu wa duka la mikate. Na jina lako. Jina lako lote, mpaka lile la babu.

Mwanangu, nilikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa. Akadhani nimeishiwa nguvu akaniletea maji. Nilikuwa nalia na kucheka, halafu nikakumbuka ile barua yangu. Nimepiga mstari! Nimekuandikia wewe, kwa mkono wangu, kwamba hapo tunachemsha chai! Loo, haya gani hii. Nimeirudisha ile barua kichwani mara kumi na kila nikifika kwenye chai natamani ardhi inimeze.

Lakini na wewe una makosa. Kwa nini hukusema? Unaniuliza "nauliza tu" kama karani wa sensa! Nilijua unakata kata filamu huko, lakini nilidhani unaondoa pale mtu alipokohoa. Niambie unafanya nini hasa. Na kwa nini ulinyamaza. Baba yako nimemwambia, amekwenda kumwambia kila mtu, hata asiowafahamu.

Shangazi yako, na uso nimeuficha.


18 Machi

Shikamoo Shangazi, na uutoe huo uso,

Nilinyamaza kwa sababu jina langu nilitaka ulione mwenyewe. Basi. Nilijiambia, Shangazi atafungua gazeti, atafika kwenye jina langu na atapiga kelele mpaka draya isisikike. Kila siku nilisubiri barua ya kelele. Ilipokuja na mstari, niliumia. Sikutaka kukwambia nimeumia maana ni kweli, mwenye kuwasha jiko nilikuwa mimi. Yaani nimeuza kazi yangu mwenyewe kwa kikombe cha chai kabla sijaijua.

Ninachofanya ni hiki. Wanapiga picha nyingi mno, mtu mmoja anafungua mlango mara thelathini. Wananiletea rundo lote na mimi naamua tumwone yupi, tumwone kwa muda gani, na tuondoke lini. Hilo la kuondoka ndilo gumu. Ukiondoka mapema mtu hajahisi kitu, ukichelewa ameshachoka. Siku nzima naweza kubishana na mwongozaji juu ya nusu ya sekunde. Yule dada mkubwa uliyempenda, analia kwa jicho moja, siyo? Kwenye rundo alilia kwa yote mawili. Mimi nilikata kabla la pili halijatoa chozi.

Filamu zote tano zilizoteuliwa kwenye uhariri zitaonyeshwa kwenye jumba la sinema la hapo mjini kabla ya tuzo. Nenda ukatazame. Halafu jaza ule mstari.

Chiriku.


4 Aprili

Kwako Chiriku wangu,

Salamu kwanza, maana leo zinanisaidia kuchelewesha. Bibi yako amekataza mtu yeyote kukuita kwa jina la utani, anasema sasa wewe ni jina la gazetini. Mdogo wako amekata kioo cha kwanza kwa mkono wake, kimekaa dirishani kwa baba yako kidogo upande, hakuna anayesema. Mimi nimefunga saluni siku tano, jambo ambalo sikulifanya hata nilipong'olewa jino.

Nimezitazama zote tano. Ya kwenu nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda na wateja wanne, mmoja bado ana vibanio kichwani. Kila picha ilipobadilika niliwapiga kiwiko, "Huyo ni mtoto wangu! Na huyo! Na huyo tena!" mpaka mwenye tochi akaja kutunyamazisha. Sasa nimeelewa. Kazi yako ni kama yangu. Mteja akitoka hapa anasifiwa uso, hakuna anayeuliza nani amezikata nywele.

Mwanangu, sasa nisikilize. Unajua mimi sitabiri kwa mapenzi. Mwaka ule nilipompenda yule kijana mwenye sauti nzito nilimwacha nje ya utabiri, na kweli hakupata. Nikianza kuweka watu kwa sababu nawapenda, huo si utabiri tena, ni maombi. Nimekaa na kalamu siku mbili. Nimeandika jina lako nikalifuta.

Nimemweka yule wa mchimba visima.

Sababu ni mlango. Pale mdogo mtu anapoondoka nyumbani na begi, dada anafunga mlango, na sisi tunabaki nje tunautazama. Mlango mtupu, Chiriku. Tumeshalia, tumeshafuta pua, mlango bado. Mwenye vibanio alinyanyuka akanyoosha miguu akarudi, mlango bado! Mwenyewe umesema ukichelewa mtu anachoka. Kila kitu kingine kwenye filamu ile umekikata vizuri kiasi kwamba sikuona mkasi. Pale tu, sijui ulipatwa na nini.

Mfamasia amekuweka wewe. Nimemwambia anajipendekeza.

Nimeandika ukweli na roho inaniuma. Nijibu hata kwa matusi.

Shangazi yako.


13 Aprili

Kwako wewe usiyejibu barua,

Siku tisa! Kila mtu wa posta anapopita natoka na taulo begani. Nikasema nimemkosa mtoto kwa ajili ya mlango.

Lakini leo sikuulizi. Leo nakuhadithia jana, na utasoma upende usipende.

Saluni ilijaa. Baba yako kiti cha mbele, bibi yako chini ya draya iliyozimwa kwa sababu ndicho kiti kizuri, Mfamasia na karatasi yake, mimi na yangu. Mwigizaji wa kiume, nimepatia. Wa kike, nimepatia, na Mfamasia kakosa, nikapiga vigelegele. Mwongozaji wangu mwenye fimbo akakosa, hata fimbo haikusaidia. Sketi nyingi zikashinda kama nilivyosema. Kwenye sauti Mfamasia akapatia, mimi nilikuwa nimepiga mstari. Tukafika mahali tuko sare, zimebaki mbili tu, uhariri na filamu bora, na filamu bora wote tumeweka moja. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu yako. Akipata yule wa mchimba visima, mimi ni Mheshimiwa; ukipata wewe, ni yeye.

Hakuna aliyesogea. Jiko halikuwashwa. Wakaonyesha nyuso zenu watano, na wewe umevaa ile blauzi ya bluu, nywele umezibana vibaya, nani amekubana? Na mimi, mbele ya wateja wangu, niliichana karatasi yangu. Nikasema, "Mungu wangu nikosee. Nikosee mwaka huu na mwaka kesho na mwaka kesho kutwa." Mfamasia ananitazama hivi, anasema, "Mama, kuchana hakubadilishi ulichoandika." Nikamwambia nyamaza.

Wakataja jina lako. Lote, mpaka la babu.

Sijui nilifanya nini. Wanasema nilimkumbatia Mfamasia. Baba yako aliruka, na goti likamsahau. Bibi yako akagonga kichwa kwenye draya na hakulalamika. Halafu yule mama mwenyekiti wa majaji akasoma karatasi yake, akasema wamekupa kwa uhariri wote, lakini hasa kwa ule mlango. Kwa ule mlango! Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Na wewe! Umepanda jukwaani mbele ya nchi nzima, ukashika kitu chako, ukasema "Asanteni," ukashuka. Chiriku! Neno moja! Sikukulea hivyo.

Leo asubuhi nimekwenda duka la dawa kabla hajafungua vizuri. Nimemwita Mheshimiwa mbele ya foleni nzima, kwa sauti, mara tatu, bila kununua kitu. Sijawahi kusema neno hilo kwa furaha kiasi hiki. Bado siuelewi ule mlango, lakini nimekosea na ninacheza.

Nijibu, mwanangu.

Shangazi yako.


21 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Blauzi imefuliwa, nywele nilibana mwenyewe, na bibi mwambie draya isiguswe mpaka nije.

Barua yako ya mlango ilinifikia mchana wa siku moja kabla ya tuzo. Sikukasirika. Kidogo, sawa, nilikasirika mpaka jioni. Halafu nikaona, watu wote hapa walikuwa wananiambia nitashinda tu, bila kuniambia kwa nini. Wewe umefunga saluni siku tano na umenionyesha mahali. Nilikwenda nayo ukumbini ndani ya mkoba. Jukwaani nilikuwa na hotuba, Shangazi, nilikuwa nayo, lakini yule mama aliposema mlango, yote ikaniruka. Nikafungua mdomo likatoka neno moja tu.

Kwa hiyo iliyobaki nakuandikia hapa.

Siku niliyoondoka kwako kuja huku, ulinisindikiza mpaka mlangoni tu. Ulisema una mteja anasubiri, ukanipa begi, ukafunga. Ilikuwa Jumapili. Jumapili hujawahi kuwa na mteja. Nilibaki nje, nikasubiri nisikie ndala zako zikirudi ndani, maana unaziburuta, unajua. Sikuzisikia. Nikaendelea kusimama, nautazama mlango, na najua upo nyuma yake, na wewe sijui kama ulijua nipo. Nilitaka kugonga nikaona haya. Mwisho baba akaniita kutoka kwenye gari, nikaenda.

Mwongozaji aliniambia mara tatu, kata, watu wataondoka ukumbini. Kila mara nilifumba macho nikasimama tena mbele ya ule wa kwako, na nikakata pale baba aliponiita. Urefu wake sikuutoa kwingine. Hiyo ndiyo filamu nzima kwangu, Shangazi, na ndiyo sababu niliumia na ule mstari.

Kwa hiyo mwenye vibanio mwombe radhi.

Chiriku wako.


2 Mei

Kwako mwanangu,

Wote wazima. Mheshimiwa anakusalimu.

Jana nimefunga saluni mchana nikarudi kuitazama ile filamu, peke yangu, safari hii bila kumpiga mtu kiwiko. Ulipofika ule mlango sikunyoosha miguu. Nilikaa nao mpaka ukaondoka.

Nilikuandikia kwamba umechelewa kukata. Nafuta. Umekata mapema, Chiriku. Baba yako alipokuita wewe ukaenda, lakini mimi niliendelea kusimama pale.

Shangazi yako.